Sekunde Arobaini za Kiswahili

Jumatano, 30 Aprili 2025

Nimekubali. Mimi na mdomo wangu huu!

Josefin kapiga simu niko kazini, mkono mmoja umeshika kijiko cha uji wa bibi wa chumba namba tisa. Jaji wa ngoma kavunjika kifundo cha mguu. Mashindano ya bendi za vijana ni Jumamosi hii. Yeye ndiye jaji mkuu na hana mtu. Nikamwambia, Josefin, mimi naogesha wazee, sijawahi kumhukumu mtu zaidi ya binti yangu. Akasema: miaka kumi na moja bendi ya polisi, ngoma kubwa, gwaride kila sikukuu — unataka cheti gani tena?

Huyu Josefin tunapiga naye kila Jumanne kule Spånga, karibu na kazini kwangu. Bendi ya watu wazima — matumbo na magoti mabovu. Yeye tromboni, mimi ngoma ndogo siku hizi. Anaijua mikono yangu. Mengine hayajui.

Jioni nimemwambia Anitha. Ana miaka kumi na tisa. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi, ndivyo tunavyoishi humu ndani. Alikuwa anavaa viatu aende na wenzake kwenye moto wa Valborg, ule wa kuaga baridi. Akasema: mama, usiwalize watoto wa watu. Nani, mimi? Akanitazama tu, akafunga mlango.

Jumamosi, 3 Mei

Nimechoka mpaka nywele. Ila siwezi kulala kabla sijaandika, maana nimefanya kituko.

Nianze na mazuri. Asubuhi tulikuwa majaji watano kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kahawa na mikate ya mdalasini. Josefin akanieleza kazi. Kila jaji anapewa simu ya waandaaji. Bendi ikiingia, unabonyeza, unaanza kusema unachokiona na unachokisikia. Unasema tu, bila kukata, mpaka watoke. Ukibonyeza tena, sauti yako inakwenda yenyewe kwa mwalimu wa bendi. Hakuna kufuta. Halafu watoto wanakusikiliza wote pamoja kwenye basi wakirudi nyumbani. Hiyo ndiyo desturi yao. Hapo ndipo nilipouliza choo kiko wapi.

Wakacheka, wakaanza kusimulia maneno ya majaji waliyowahi kupigwa nayo wao. Yule mzee wa tarumbeta aliambiwa miaka arobaini iliyopita: "Mnatembea vizuri sana, mwakani jaribuni bila vyombo." Anayakumbuka neno kwa neno! Siku ya kuzaliwa ya mke siikumbuki, anasema, lakini hilo nalikumbuka. Dada mmoja wa Uppsala alisema bendi yao iliwahi kupata jaji aliyenyamaza dakika mbili nzima. Wakadhani mashine imeharibika. Mwishoni wakasikia anapenga kamasi na kusema: samahani, nilisahau kwamba niko kazini. Hawakushinda siku ile. Lakini sauti ile wanayo mpaka leo, wanaipiga kwenye harusi.

Na mimi nikatoa la kwetu. Mashauri wetu wa matoazi, mikono kama makasia. Karatasi ya jaji ilirudi na mstari mmoja tu: "Matoazi — mji mzima umesikia." Mashauri aliikata ile karatasi akaibandika ndani ya kofia. Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikajiona jaji kweli!

Bendi nne za kwanza nilikwenda vizuri. Kiswidi changu cha kazini kilitosha: haraka, polepole, pamoja, mikono juu. Nilikuwa nimekaa juu kabisa kwenye ngazi za watazamaji, watoto wako chini, wanaonekana wadogo, kofia zimewafunika mpaka puani.

Bendi ya tano ni ya Spånga. Wanapiga vizuri, jamani! Ngoma kubwa inakwenda kama saa ya ukutani. Nikasema hivyo kwa simu. Halafu kiongozi akainua fimbo, nyuma geuka — wote wakageuka, wakampa mgongo. Ngoma kubwa ikateleza. Kidogo. Nusu pigo. Wakageuka mbele, ikarudi mahali pake. Nikasema ah, bahati mbaya. Wakageuka tena, ikateleza tena, vilevile. Wakarudi mbele, ikarudi.

Mara ya tatu nikaelewa. Mtoto akiiona fimbo, yuko. Fimbo ikimpotea, naye anapotea. Na tarumbeta kumi na mbili zinalia sikioni mwake! Mwenye masikio hahitaji fimbo.

Hapo Kiswidi kikanitoka chote. Nikaanza kusema Kiswahili, kwa sauti, kama niko jikoni kwangu:

"Mawe! Huyu mtoto wa ngoma kubwa masikio hana! Anapiga kwa macho! Tazama — tazama anavyoitafuta fimbo. Si uvivu huu, si mazoezi. Masikio yamekwenda, na watu wazima wamejaa humu wanakodoa tu. Mwanangu, nani kakuacha hivi?"

Wakatoka. Watu wakapiga makofi. Nikabonyeza. Ikaenda.

Sekunde arobaini hivi. Nimejiambia njia nzima ya treni mpaka nyumbani Vårby gård: Agripina, nani atakuelewa kule Spånga? Watoto wa Kiswidi. Watadhani nilikuwa nasali.

Jumapili, 4 Mei

Josefin kapiga. Hana hasira, ila anauliza. Mwalimu wa Spånga anataka kujua jaji wa ngoma alisema nini pale katikati. Kanuni zinataka maoni yaeleweke na bendi. Basi niandike kwa Kiswidi, nimtumie kabla ya Ijumaa. Rahisi tu, anasema. Mistari miwili mitatu.

Rahisi!

Sasa niandike lile ambalo sijawahi kuandika popote.

Mwaka 1998, Mwanza, mashindano ya bendi za majeshi. Mimi nina miaka ishirini na mitano, ngoma kubwa kifuani, sikio la kushoto limeanza kuziba tangu mwaka uliotangulia. Nilikuwa natazama. Fimbo, mabega ya Mashauri, viatu vya mbele. Hakuna aliyejua. Mkuu wetu alikuwa ananisifu kwa utulivu.

Jaji mmoja alijua. Mzee mwenye miwani, hata jina lake sikulishika. Karatasi ikaja, sajenti akaisoma mbele ya bendi nzima: "Mpigaji wa ngoma kubwa apumzishwe kwa muda, aangaliwe afya yake."

Wote wakanitazama tumbo.

Mimba! Kambi nzima ikajua nina mimba. Wakaanza kuhesabu nani baba. Mashauri, Mungu ambariki, akaniletea ndimu na udongo wa kula amefunga kwenye gazeti. Nami nikavipokea! Nikala ule udongo mbele yake. Maana mimba ambayo haipo itaonekana haipo, watasahau, nitaendelea kupiga. Sikio je? Sikio lingenitoa kwenye bendi siku ileile.

Nikapiga miaka saba mingine. Sikio la kushoto likaisha kabisa. Limebaki na mlio tu, huu unaonilia hata sasa nikiandika.

Miaka yote nilimshukuru mzee yule kwa adabu yake. Alinisitiri. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemkasirikia.

Jumanne, 6 Mei

Nimetoka kazini saa tisa na nusu, mtu kasimama mlangoni pa wauguzi. Msichana mrefu, mkoba wa shule, misuko mizuri imefungwa juu.

"Tante Agripina, shikamoo."

Victoire! Victoire wa Firmin na Madeleine, Wakongo wa Rinkeby, kwao shangazi ni Tante, tunasali nao misa ya Kiswahili kila mwezi. Firmin ndiye anayebeba spika za kwaya. Kila mara anajisifu: binti yangu anacheza muziki na Waswidi! Mimi nikadhani filimbi. Sikuwahi hata kuuliza. Yesu Maria!

Sikuuliza amefuata nini. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Tukaenda kukaa kwenye benchi nje. Halafu kikaja kichekesho. Mimi sikio zima ni la kulia, nataka mtu akae kulia kwangu. Nikasogea. Naye akanyanyuka, akazunguka, akakaa ili mimi niwe kulia kwake. Nikanyanyuka tena. Naye tena. Tukawa tunazungukana kama majogoo, mpaka akasimama katikati ya njia akanitazama.

"Tante… na weye?"

Nikamwambia ndiyo. La kushoto. Lako? La kushoto, na la kulia limeanza. Akakaa chini akalia. Mimi nikalia. Mfanyakazi mwenzangu akapita na baiskeli akajifanya hajaona, ndivyo walivyo hapa.

Tukaishia kukaa tumetazamana, yeye kwenye benchi, mimi juu ya ukuta wa maua.

Akanisimulia ya basi. Mwalimu alipiga sauti za majaji wote. Walipofika kwangu, Kiswidi, Kiswidi, halafu ghafla Kiswahili. Basi zima likaangua kicheko. Halafu wote wakamgeukia, maana ndiye pekee anayejua: Victoire, översätt! Tafsiri! Tafsiri! Amesimama kwenye basi, wenzake thelathini wanamtazama, na sauti yangu inasema masikio hana.

"Nikasema tu, anasema tunatembea muzuri, na anatuombea kwa Mungu."

Ana miaka kumi na saba. Nimeona aibu, aibu ya kweli, ya kutamani ardhi ipasuke. Kumbe siku ile sikusema peke yangu. Nilimsema mtoto mbele ya watu na nikamlazimisha anifichie siri.

Hakuja kunilaumu lakini. Amekuja kuomba. Fainali ni tarehe kumi na saba. Baada ya fainali, palepale, wanasoma majina ya vijana wa bendi ya taifa ya kiangazi — wiki sita, Uholanzi na Ujerumani. Ngoma kubwa ni mtu mmoja tu. Amefanyia mazoezi miaka miwili. "Tante, andika kitu kingine. Mpaka tarehe kumi na saba tu. Baadaye nitamwambia Papa mwenyewe."

Nikamuuliza nesi wa shule hakuona? Alipimwa masikio Februari. Akacheka kidogo, mjinga huyu. Alikuwa anamtazama nesi kwenye kioo cha dirisha. Kidole kikibonyeza mashine ya mlio, anainua mkono.

Mimi nilikuwa natazama viatu. Yeye kioo. Hatukosi kitu sisi!

Nimempa sharti: vizibo vya masikio, kila mazoezi, kila siku. Ninavyo vipya, vina kamba ya shingoni. Amekubali. Na mimi nimekubali. Nimemshika mkono nikasema, haya, mpaka tarehe kumi na saba.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika mara sita.

Ya kwanza ilikuwa kweli tupu. Nikaifuta. Ya pili nikazunguka, nikasema mpigaji afanyiwe uchunguzi — nikajisikia miwani inaniota puani. Nikaifuta hiyo nayo.

Nilichotuma: "Ngoma kubwa ni imara sana mkiwa mmetazama mbele. Fanyeni mazoezi zaidi ya mgeuko. Hongereni."

Josefin kajibu: bra, safi! Na kidole gumba.

Nimemwambia pia siwezi kuwa jaji kwenye fainali, namjua mtoto mmoja mle. Hilo angalau ni kweli. Akasema vizuri, asante kwa kuwa mwaminifu. Mwaminifu!

Anitha alikuja jikoni akauliza mbona natazama ukuta. Nikamuuliza: ukijua siri ya mtoto wa mtu, na mtoto amekuomba unyamaze? Akauliza, ni hatari? Nikasema ya polepole. Akafikiri, akajibu kwa Kiswidi kwamba hatari ya polepole pia ni hatari. Halafu akachukua mtindi akaenda zake. Huyu mtoto nimemzaa lini?

Jumatano, 14 Mei

Hakuna kitu. Nimempigia Victoire mara mbili, kanijibu kwa maandishi. Anavaa vizibo, anasema. Sijui.

Kazini bibi wa chumba namba tisa hanisikii nikimsalimia. Zamani nilikuwa nazidisha sauti tu. Siku hizi nazunguka kitanda, nasimama mbele ya uso wake, ndiyo nasema habari za asubuhi. Anafurahi kweli.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudi sasa hivi, bado jua liko juu ya majengo. Sijavua hata koti.

Nilikaa na Firmin na Madeleine. Firmin kavaa suti ya kijivu, ile ya ubatizo, na simu mbili, moja ya kupiga picha na moja ya akiba. "Maman Anitha, kaa hapa katikati yetu, weye uko mutaalamu, utatuelezea." Madeleine kaleta sambusa kwenye bakuli la plastiki. Nikala tatu bila kuzisikia ladha.

Wakaingia. Kwanza nikatafuta kamba ya vizibo. Ipo. Inaning'inia shingoni, vizibo vinacheza kifuani juu ya vifungo vya sare. Hakuvaa.

Halafu mgeuko wa kwanza. Nilifumba macho nisione, nikatega sikio. Nusu pigo haikuja! Sawasawa. Mgeuko wa pili, sawasawa. Nikafumbua macho. Ikanichukua mpaka wa tatu kugundua. Msichana wa matoazi, aliyesimama mbele yake wakigeuka, alikuwa anainua kiwiko. Kidogo tu, kila pigo. Kiwiko juu, ngoma. Kiwiko juu, ngoma. Wamepanga wawili wao.

Walishika nafasi ya pili. Kisha wakasoma majina ya bendi ya kiangazi, na jina la Victoire likasomwa vibaya kama kawaida, na Firmin akapiga ukelele ambao nadhani hata kwao Bukavu, Kongo, waliusikia. Walisoma na maoni ya jaji wa ngoma, yule mwenye kifundo cha mguu, kaja na magongo: "Ngoma kubwa ya Spånga ndiyo moyo wa bendi hii. Ningemfuata popote, hata nimefumba macho."

Firmin akanisogezea simu. Tafsiri, Maman Anitha, tafsiri kwa Kiswahili, nimutumie mama yangu! Machozi yanamtiririka mpaka kwenye tai. Nikatafsiri. Neno kwa neno, sikupunguza, sikuongeza. Nikasema na lile la kufumba macho. Sauti yangu ilikwenda Bukavu ikiwa imara kabisa.

Victoire akaja akikimbia, kofia mkononi, jasho, uso unang'aa. Akamkumbatia baba, mama, akanikumbatia mimi mwisho. Bendi nyingine ilikuwa inapiga nyuma yetu, kelele tupu. Akaweka mdomo kwenye sikio langu la kulia, kama mtu anayenong'ona. Hakunong'ona. Alipaza sauti, hajui kwamba alipaza:

"Tante, huu mlio unaishaka siku gani?"

Nikamuuliza, mlio gani? Ule wa masikioni, akasema. Leo ni mkubwa sana. Wako uliisha baada ya muda gani?

Wangu una miaka ishirini na saba.

Sikujibu. Nikampapasa mgongo. Firmin alikuwa hatua mbili kutoka tulipo, lakini tarumbeta zile zilimeza kila kitu. Victoire akadhani nimejibu na yeye hakusikia. Nilimwona usoni. Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akasema asante Tante.

Ndivyo anavyofanya kutwa nzima. Anaitikia kwa kichwa na kutabasamu.

Jumapili, 18 Mei

Ninaandikia kwenye ngazi. Ghorofa ya tatu, Rinkeby, nje ya mlango wa Firmin. Daftari lilikuwa kwenye mkoba, na mikono lazima niipe kazi.

Asubuhi nilimtumia Victoire ujumbe: tarehe kumi na saba imepita, mwambie baba leo, nitakuja nikae pembeni yako. Akajibu: Tante, baada ya Uholanzi. Tafadhali. Na mioyo minne.

Wiki sita. Ngoma kifuani kila siku. Nikapanda treni.

Walinipokea kama mjumbe wa ndoa. Mikate, chai ya maziwa, ndugu wa Bukavu wameipiga sauti yangu kanisani! Victoire alikuwa bado amelala, Madeleine akasema aachwe, jana alichoka. Nikaona basi, ni sasa. Nikaweka kikombe chini, nikasema: Papa Victoire, Mama Victoire, nimekuja na neno baya, na nimelikalia wiki mbili, na niliahidi kulinyamazia. Nikasema lote. Fimbo, mgeuko, basi, kioo cha nesi, kiwiko, mlio. Nikasema na langu, Mwanza, udongo, kila kitu. Nikawaonyesha kifaa changu cha sikio ambacho daktari alinipa miaka minne iliyopita nami nakificha kwenye droo. Leo nilikivaa.

Firmin akasimama. "Mutoto yangu anasikia muzuri! Jana haukumuona? Haukusoma weye mwenyewe kwa kinywa yako — moyo ya bendi? Unatuletea mambo gani siku ya furaha, Maman Anitha? Minakukosea nini?"

Nikasema hujanikosea. Akasema bila shaka ni wivu, binti yako hana kipaji. Maneno ya baba aliyeshtuka hayahesabiwi.

Madeleine ndiye aliyesema, polepole, anatazama kitambaa cha meza. "Firmin. Tangu Noeli minamuita mara tatu, mara ine. Minasema ni kiburi ya bujana." Akakunja pembe ya kitambaa. "Minamunyang'anya telefone. Wiki mbili, juu haniitikiaka."

Firmin akakaa tena.

Hapo mlango wa chumbani ukafunguka, Victoire akatoka na nguo za kulalia, macho mazito. Akaniona. Akajua. Nilimwona anajua. Alinitazama sana, jicho ambalo nitakaa nalo. Halafu akapita katikati yetu akaingia jikoni, akatupa mgongo, akafungua bomba, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Firmin akamtazama mgongoni. Akaniambia, safari hii kwa heshima, karibu kwa sauti ya kuomba: "Maman Anitha, toka kwanza. Dakika kidogo tu."

Nimetoka. Nimekaa hapa.

Milango ya huku ina tundu la barua, na tundu lile linapitisha kila kitu. Nimegeuza sikio langu zima.

Bomba limefungwa. Ni Madeleine, nimesikia kandambili zake zikienda na kurudi. Sasa kimya kabisa humo ndani.

"Victoire."

Ni Firmin. Sauti ya kawaida, ya kumwita mtu mezani.

Kimya.

"Victoire."

Amepaza kidogo. Kikombe kinawekwa juu ya kikombe.

Jirani amepita na mfuko wa takataka, kanisalimia hej, nami nimejibu hej.

"Victoire. Mama yangu." Hivyo ndivyo wanavyowaita mabinti zao wakiwapenda, mama yangu. Hajapaza sasa. Ameshusha. Nasikia mbao za sakafu, anasogea hatua moja, anasimama. Anaita. Hatua nyingine.

Hii ni mara ya sita. Bado anaita.